Mafuta ya Cherehani

Alhamisi, 3 Aprili

Fundi Elimringi wa pikipiki ameniambia ninunue daftari. Sijanunua. Nimegeuza hili hili la vipimo vya wateja: mbele kuna viuno na mabega ya watu, huku nyuma tunaanza mimi na pikipiki.

"Kila utakachoifanyia, andika na tarehe," kasema. "Umetia oili, andika. Umejaza upepo, andika. Kuna kitu kinalia, andika kinalia wapi. Usije siku moja ukaniambia, fundi, imekufa tu yenyewe. Haifi yenyewe."

Haya. Pikipiki ni nyekundu, injini ya mia na ishirini na tano, nimeitoa dukani jana hapa hapa Kariakoo. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika wenzangu walijua nitanunua friji. Leseni ninayo tangu mwezi wa pili.

Na kwa vile nimeshika kalamu, niandike na sababu. Bi Kijakazi, mama yake Hamis, alikuja wiki iliyopita kutoka Bagamoyo, siku mbili kabla ya Idi. Mimi na Hamis tumeachana mwaka wa nne huu, yeye ana mke mwingine Mtwara, lakini mama yake hajaniacha. Akamkuta Ummy nyumbani Magomeni peke yake, saa kumi na moja jioni, ufunguo umening'inia shingoni, anakula mihogo ya jana. Mimi nilikuwa Kariakoo namalizia magauni ya Idi ya watoto wa watu.

Hakupiga kelele. Bi Kijakazi hapigi kelele. Alisema, "Shamsa, mtoto wa miaka tisa siyo mlinzi wa nyumba. Namchukua."

Hamis akipigiwa simu jibu lake ni moja, lolote atakaloamua Mama. Kwa hiyo nikamwomba Mama mwenyewe. Nikamwambia shule ya Ummy iko karibu na kazini kwangu, nikinunua pikipiki nitampeleka asubuhi, saa tisa namfuata, anakaa na mimi pale tunaposhonea mpaka tunarudi wote. Akawa anakunjakunja ncha ya kanga yake. Kisha akasema:

"Mpaka Idi ya kuchinja. Nitakuja na begi. Nikikuta mtoto katulia, nitaondoka na begi langu tupu. Ukimwangusha na hilo lipikipiki lako, hata mara moja, usiniombe tena."

Idi ya kuchinja ni baada ya miezi miwili. Miezi miwili yenyewe ndiyo ya masika.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi kanichania nailoni. Nilikuwa nimeiacha kwenye siti na kwenye tangi ili upya usiishe upesi, kama tunavyoacha kwenye makochi.

"Dada, hii ni ya kupanda au ya kukaribisha wageni?" Akaivuta yote kwa mkono mmoja. "Maji yanaingia chini ya nailoni hayatoki. Wewe unaona inang'aa, chini bati linaoza. Na mtoto wako atateleza kama sabuni."

Kanifundisha haya: Oili naitazama kwenye kidirisha pembeni ya injini, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, imesimama wima, siyo imelala upande. Upepo wa tairi napima asubuhi kabla halijapata moto. Nikiwasha niache ingurume kidogo ndipo niondoke. Injini mpya haikimbizwi, mwisho hamsini. Kilomita mia tano zikifika nirudi amwage oili ya kwanza. Na kwenye mteremko nisitoe gia kama wale wanaobana petroli. "Acha gia ikushike."

Hatabasamu huyu mtu. Anaongea na mimi kama niliyemwibia spana.

Jumatatu, 7 Aprili

Imenizimikia mara tatu kwenye taa za barabarani pale Faya. Dereva wa bodaboda kanipita anacheka: "Mama, hilo siyo jiko la mkaa! Achia klachi taratibu!" Mpaka sasa uzi hauingii kwenye sindano.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimempakia Ummy kwa mara ya kwanza. Kofia inamshukia mpaka kwenye nyusi, kanishika kiuno kama anataka kunivunja. Tulipofika shuleni akasema, "Mama, mbona hukupumua njia nzima?"

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimepumzika, nimeiosha, nimekaa nayo uani. Na nimegundua kitu: pikipiki ni cherehani.

Mnyororo ni ule mkanda wa cherehani. Ukiukaza sana unakatika, ukiulegeza unaruka. Fundi kasema unyanyue kwa kidole, ucheze upana wa vidole viwili, na mimi miaka yote mkanda wangu napima hivyo hivyo bila kufundishwa na mtu. Plagi ni sindano, ikichafuka kila kitu kinakwenda kwa kurukaruka. Na sauti! Cherehani likiwa na kiu nalijua kwa kulisikia tu. Fortunata, tunayeshona naye meza moja, akisikia langu linakwaruza husema, "Shoga, mnyweshe huyo." Miaka tisa sijalipeleka kwa fundi. Kila Jumamosi nalitia mafuta kwenye kila tundu na kila panapozunguka, basi.

Woga umepungua. Usingizi ndio sina. Naamka saa kumi, napika, naosha, namwamsha Ummy, nafuta matope kwenye pikipiki, naondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Maji yamekata barabara Jangwani. Tumezunguka Kinondoni, tukapita daraja la Salenda na Upanga, saa nzima na nusu kwenye mvua. Ummy kachelewa kipindi cha kwanza, mimi nimechelewa kazi. Suruali imenikaukia mwilini.

Breki ya nyuma imeanza kulia. Siyo mlio mdogo. Jioni nakunja kona ya nyumbani, watoto wa jirani wanapiga kelele, "Punda wa Mama Ummy huyooo!" Ummy kacheka, mimi sikucheka.

Ijumaa, 18 Aprili

Bi Kijakazi kapiga. Hupiga kila Ijumaa akitoka kuswali. Anaanza na hali, anakwenda kwenye mvua, anamalizia kwenye hadithi ile ile ya Hamis alipokuwa na miaka minne, alivyovuta karai la mafuta ya maandazi likammwagikia mkono. Kovu analo mpaka leo. "Alikuwa mtundu, Shamsa. Mimi niligeuka tu. Kugeuka tu." Kila wiki. Najua ananiambia mimi. Maana yake, mtoto anataka macho manne na wewe una mawili, tena yamechoka.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeosha. Nimetia mafuta ya cherehani kila panapozunguka: mnyororo, stendi, waya wa klachi, na pale mkono wa breki unapoingia kwenye ile ngoma ya katikati ya tairi la nyuma. Hapo matone matatu.

Jumatatu, 21 Aprili

Hailii. Kimya kabisa. Nimekunja kona ya nyumbani watoto hawakujua kama nimefika.

Ijumaa, 25 Aprili

Kilomita mia tano na kumi na mbili. Fundi kamwaga oili ya kwanza, imetoka nyeusi na vichengachenga vinameremeta kama vumbi la rangi ya kucha. Kasema ni kawaida, ni vyuma vipya vinazoeana, ndiyo maana inamwagwa mapema. Katia mpya.

"Kuna kinacholia?"

"Hakuna."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, "Vizuri." Neno zuri la kwanza kutoka kwake. Sikumwambia kwamba kililia nikakitibu mwenyewe. Nilitaka aone tu kwamba kwangu hakuna kinacholia.

Bi Kijakazi kapiga. Karai.

Jumapili, 27 Aprili

Mafuta ya cherehani kwenye breki, matone matano, maana mvua inaosha.

Ijumaa, 2 Mei

Pedali ya breki inashuka chini kuliko zamani. Mvua hii inalegeza kila kitu. Bi Kijakazi kapiga, anauliza Ummy anakohoa kwa nini. Kasikia kikohozi kwenye simu, huko Bagamoyo.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nimeshona sare kumi na nane. Nimesinzia Ummy akinisomea hesabu zake, kanifunika na kitambaa cha mteja.

Jumapili, 11 Mei

Breki matone matano. Nati ya breki nimekaza mizunguko miwili, pedali imepanda kidogo. Nimeridhika.

Fortunata kaniona naondoka na kichupa changu juzi, kasema, "Dada, pikipiki yako inakula mafuta mazuri kuliko cherehani lako." Nikamwambia ndiyo inayonibakizia mtoto.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika nikiwa nyumbani. Ni mchana, Ummy amelala.

Jana asubuhi mvua ilikuwa imekata, barabara imelowa. Saa kumi na mbili na nusu tulitoka. Pale Magomeni unapoanza kuteremkia Jangwani nilikuwa kwenye arobaini, gia ya tatu. Mbele yangu kulikuwa na bajaji, na mbele ya bajaji mtu anavusha mkokoteni wa machungwa. Bajaji ikasimama.

Nikakanyaga. Hakukuwa na breki. Siyo kwamba ilishika kidogo, haikuwepo. Ilikuwa kama kukanyaga nguo iliyolowa kwenye beseni. Nikakanyaga tena, pedali ikafika chini kabisa, tukazidi kwenda. Ummy nyuma yangu alikuwa anaimba nyimbo za shule. Hakujua.

Ile ya mbele niliikamata, tairi likatikisika kwenye maji, nikaiachia, nikaikamata tena kidogo kidogo. Ndipo nikasikia sauti ya yule mtu asiyetabasamu: acha gia ikushike. Nikashusha ya pili. Injini ikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, pikipiki ikajivuta nyuma kama imeshikwa shati. Nikashusha ya kwanza. Bajaji sasa ilikuwa hapa, naliona bango lake la nyuma. Nikakata kushoto, nje ya lami, kwenye matope. Tairi la mbele likazama. Tukaanguka.

Mwendo ulikuwa umeshakwisha, tulianguka kama mtu anayeanguka kutoka kitandani. Mimi nikabaki na mguu chini ya pikipiki. Ummy akaenda upande wa pili na kidevu chake kikapata ukingo wa mtaro.

Hakulia. Ndicho kilichonitisha. Alikaa kwenye matope, kofia kichwani, damu inashuka kwenye sare nyeupe niliyoishona mimi, akasema, "Mama, umeumia?"

Watu walikuja. Mama anayeuza uji akamsafisha kwa maji yake ya moto. Vijana wa bodaboda wakanyanyua pikipiki, mmoja akaikandamiza breki kwa mkono, akawatazama wenzake. "Mama, hii ulikuwa unaiendeshaje?" Nikasema sijui. Yule wa mkokoteni akaniletea machungwa mawili, akaondoka bila neno.

Zahanati, nyuzi tatu. Nimekaa pale nikaangalia zote zikiingia na kutoka. Nashona tangu nina miaka kumi na minane na sikuweza kumshikia mwanangu kichwa, muuguzi ndiye aliyemshika. Walishona vizuri, mapigo madogo, sawasawa. Litabaki kovu.

Tulipofika nyumbani Ummy akaniita, kidevu kimefungwa, anaongea kwa meno.

"Mama. Tumwambie Bibi nilianguka shuleni."

Nikamuuliza nani kakufundisha.

"Hakuna. Nimefikiria mwenyewe. Bibi akijua atanichukua."

Nilimpa uji. Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna mtu: nilishalifikiria kabla yake. Nililifikiria nikiwa bado chini ya pikipiki.

Jumamosi, 17 Mei

Pikipiki imepakiwa kwenye guta la mizigo mpaka Kariakoo. Nimefuata nyuma kwa miguu kama mtu wa mazishi.

Elimringi hakuuliza kitu. Akatoa tairi la nyuma, akafungua ngoma. Ndani kuna vipande viwili vilivyojikunja kama mwezi mchanga, viatu vya breki, ndivyo wanavyoviita. Vilikuwa vinameremeta. Akapitisha kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa.

"Hii siyo oili ya injini. Nyepesi mno." Akanusa tena. "Mke wangu anashona. Lete daftari."

Nikampa. Akasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. "Matone matatu. Hailii, kimya kabisa. Matone matano. Matone matano. Nimeridhika." Akafunga daftari.

Nikangoja matusi. Nilikuwa nayataka. Yeye akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Tarehe ishirini na tano nilikuuliza kama kuna kinacholia."

"Uliniuliza."

"Ukasema hakuna."

"Kilikuwa hakilii, fundi."

Akasugua uso kwa mkono wenye grisi, akajiachia alama mpaka sikioni. "Dada, pikipiki nzima inataka mafuta isipokuwa hapa. Hapa panakamata kwa kusuguana. Wewe ukipalainisha, unapaambia paachie." Akafuta kidole kwenye suruali. "Na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Kila mtu namwambia wapi atie. Sijawahi kumwambia mtu wapi asitie. Nilijua kila mtu anajua."

"Na ule mlio?"

"Maji na vumbi. Ikilia baada ya mvua, nenda mwendo mdogo huku unaikanyaga kidogo kidogo, itajikausha. Ikilia siku mbili mfululizo bila mvua, niletee. Ukiona inalia, jua bado ipo."

Kaosha ngoma kwa petroli, kisha kwa sabuni, kanipa mimi nikaushe kwa kitambaa kisafi. Viatu vya zamani kavitupa, vimekunywa mafuta haviponi. Vipya nimevifunga mwenyewe, yeye kasimama nyuma yangu anasema, siyo hivyo, geuza, haya. Nimepima pedali mara ishirini. Nilipoondoka akasema, "Mtoto anaendeleaje?" Nilikuwa sijamwambia kuna mtoto aliyeumia. Bila shaka Kariakoo nzima inajua.

Jumatatu, 19 Mei

Peke yangu. Ummy yuko kwa Mama Anaeli, jirani yetu, mpaka nyuzi zitolewe. Nimeshuka Jangwani kwenye gia ya pili, pole pole, watu wananipigia honi. Wapige.

Ijumaa, 23 Mei

Bi Kijakazi kapiga. Hali, mvua, karai. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikasema, Mama, ukija nina jambo. Akasema, "Liseme." Nikasema ukija. Akasema, "Mtoto mzima?" Nikasema mzima. Siyo uwongo. Lakini nimejisikia kama niliyedanganya.

Jumanne, 27 Mei

Nyuzi zimetolewa. Ummy karudi shule, karudi kwenye siti. Kabla ya kupanda anachuchumaa, anaikandamiza breki kwa viganja viwili, ananitazama, anasema, "Ipo." Kisha anapanda. Sikumwambia afanye hivyo.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zinapungua. Fortunata kaniambia, "Shoga, kovu lenyewe dogo, funga mtandio chini kidogo, bibi mwenyewe macho hayaoni." Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Ningelifunika kovu, ningebaki na mtoto anayejua kwamba mama yake alimfundisha kufunika. Halafu siku akiniuliza kama breki ipo, nimjibu nini aniamini?

Ijumaa, 6 Juni

Bi Kijakazi kaja. Begi la bluu, tupu, kaliweka pale mlangoni.

Jumamosi, 7 Juni. Idi.

Tumetoka kuswali, tumekula. Ummy kavaa gauni la njano nililomshonea. Bi Kijakazi alimwita, akamshika kidevu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Hii nini?"

Ummy akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanasema, sema shuleni, Mama, sema shuleni.

Nikamwambia, "Ummy, lete daftari."

Bi Kijakazi anasoma Kurani, herufi zetu hizi zinampa shida. Nikamwambia mwanangu amsomee bibi yake kwa sauti, kuanzia tarehe ishirini Aprili. Ummy akakataa. Nikasema soma. Akasoma. Matone matatu, hailii, matone matano. Nimeridhika. Alipofika kwenye bajaji sauti ikakatika, nikachukua daftari nikasoma mwenyewe mpaka kwenye uji, na lile neno kwamba nilishafikiria kudanganya nikalisoma pia. Kisha nikasema, "Nimemwangusha, Mama. Siyo barabara, siyo mvua. Ni mimi. Ulisema nisikuombe tena, sikuombi."

Ummy alikuwa analia sasa, kwa sauti. Hakulia siku ya damu.

Bi Kijakazi alikaa. Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. Nje mtu alikuwa anachuna ngozi ya mbuzi na watoto wanapiga kelele. Aliposema, hakunitazama.

"Hamis hakuvuta karai."

Sikuelewa.

"Nilikuwa sijalala siku mbili. Baba yake yuko safari, nakaanga maandazi ya watu alfajiri, nina miaka ishirini na tatu. Nilisinzia nimesimama, nikaligonga jiko kwa goti. Karai likammwagikia. Watu wakaja, wakauliza imekuwaje, nikasema mtundu huyu, kavuta." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Miaka thelathini na mbili. Yeye mwenyewe anaamini alivuta. Anawahadithia watu, anacheka."

Nilimtazama yule mama. Kila Ijumaa nilidhani ananisuta mimi.

Akamvuta Ummy, akampangusa uso kwa kanga ile ile. "Nyamaza. Sijasema nakuchukua." Kisha kwangu: "Kesho nataka kupaona hapo."

"Wapi, Mama?"

"Hapo mlipoangukia. Na nitapanda hilo hilo."

Jumapili, 8 Juni

Abiria: Bi Kijakazi. Kofia juu ya mtandio. Ummy aliikandamiza breki kwa viganja, akamwambia bibi yake, "Ipo." Bi Kijakazi akainama naye akaikandamiza, kwa mkono, akaipima.

Tumeshuka Jangwani gia ya pili. Alinishika kiuno kama Ummy siku ya kwanza, nikasikia anasoma dua kwenye mgongo wangu. Nilipunguza pale kwenye mtaro, tukasimama, nikamwonyesha.

"Hapa?"

"Hapa."

Akatazama muda. "Padogo," akasema. "Nilidhani pakubwa. Twende, nina njaa."

Saa tisa nilimsindikiza kwenye gari la Bagamoyo. Mlangoni kwetu, kabla hatujatoka, alinyanyua lile begi la bluu, akalikung'uta, akalikunja mara nne, akalitia kwapani. Ummy akauliza, "Bibi, hujasahau kitu?" Akamjibu, "Desemba nakutaka wiki tatu. Siyo zaidi, una fujo." Kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama anayetaka nisikie neno moja moja: "Na wewe Shamsa, Ijumaa nitapiga. Nikipiga, kama umechoka, sema nimechoka."

Jumatatu, 9 Juni

Upepo sawa. Oili sawa. Mnyororo vidole viwili. Mvua kidogo alfajiri. Breki ya nyuma inalia. Nimeiacha ilie.